Lord Delamere na kikao cha Tukuyu: Mkulima alikuwa nani?

Ndugu msomaji, ukiwa Nairobi ukataja jina la Delamere, hata mwanafunzi wa shule ya msingi atakuwa na la kukuambia. Ukipanda basi kuelekea Naivasha na Nakuru utaliona jina hilo limeandikwa barabarani. Lakini shuka Tukuyu, makao makuu ya wilaya ya Rungwe, uulize kama bwana huyo aliwahi kufika pale na alikuja kufanya nini. Mimi nimeuliza. Nimewauliza wazee wenye mvi na walimu wa historia, nimewauliza hata vijana wa bodaboda pale stendi. Sijampata hata mmoja aliyewahi kusikia kwamba mwezi Oktoba mwaka 1925, katika mji wao huo mdogo wa mvua na ukungu, walikaa watu wachache kupanga nani atatawala ardhi yote kuanzia Kenya hadi Zambezi.

Nimeona niandike maisha ya mtu huyu kwa sababu moja. Kila baada ya miaka michache gumzo la kujitenga huzuka upya. Kenya tulilisikia likitoka Pwani, kisha tukalisikia tena baada ya uchaguzi wa mwaka 2017. Huko Marekani, kati ya mwaka 2020 na 2024, kaunti zaidi ya 10 za vijijini mashariki mwa jimbo la Oregon zilipiga kura kuunga mkono hoja ya kuliacha jimbo lao na kuhamia jimbo jirani la Idaho, wakilalamika kwamba wakubwa wa mijini wanawatungia sheria bila kujua maisha ya shamba. Katika yote haya husikika hoja moja: shamba linalisha mji, na mji unalikandamiza shamba. Ni hoja nzito na mara nyingi ina ukweli ndani yake. Lakini kabla hujaikubali, ni vizuri ujue imewahi kubebwa na nani na kwa faida ya nani. Katika Afrika Mashariki hakuna aliyeibeba kwa nguvu kama Lord Delamere.

Jina lake hasa ni Hugh Cholmondeley. Alizaliwa Uingereza tarehe 28 Aprili 1870, katika ukoo wa makabaila wa Cheshire. Baba yake alifariki mwaka 1887, kijana akarithi cheo na mali akiwa na miaka 17 tu. Alisoma Eton, shule ya watoto wa wakubwa, lakini hakuwa mtu wa vitabu. Alipenda farasi na bunduki, na zaidi ya yote alipenda kuwinda. Mwaka 1891 alikwenda Somalia kuwinda simba, akanogewa, akawa anarudi huko mara kwa mara.

Katika safari moja ya Somalia, mwaka 1894, simba alimrukia akamjeruhi vibaya mguuni. Aliyemwokoa ni Msomali aliyekuwa akimbebea bunduki, jina lake Abdullah Ashur. Mtu huyu alimvamia simba kwa mikono mitupu mpaka bwana wake akapata nafasi ya kuifikia bunduki. Delamere alichechemea maisha yake yote kwa sababu ya jeraha lile. Naomba tulikumbuke jina la Abdullah Ashur, maana bila yeye historia ya Kenya ingeandikwa kwa namna nyingine, ilhali vitabu vingi vikimtaja humpa mstari mmoja tu.

Mwaka 1896 alifunga safari ndefu zaidi kutoka Berbera. Alivuka jangwa na misafara ya ngamia, na mwaka 1897 akafika Baringo na Laikipia. Baada ya joto na mawe ya Somalia aliona nyanda za juu za kijani zenye baridi na maji yanayotiririka. Akaipenda nchi. Kosa lake, na kosa la wenzake wote waliomfuata, ni kuiona nchi ile kama haina wenyewe.

Aliporudi kwao alimwoa Lady Florence Cole mwaka 1899, kisha wakahamia Afrika Mashariki. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimpa ekari 100,000 pale Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Tafakari, ndugu msomaji: mtu mmoja, ekari laki moja! Baadaye akaongeza shamba kubwa la Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita.

Ni haki tuseme kwamba hakuwa mvivu. Wapo walowezi waliokuja kunywa na kustarehe, na yeye mwenyewe inasimuliwa kwamba alikuwa akifika hoteli ya Norfolk mjini Nairobi akifanya fujo za kila namna, mpaka za kupiga taa risasi. Lakini shambani alifanya kazi. Alianza kwa kuishi katika vibanda vya nyasi. Alileta kondoo wa sufu kutoka ng'ambo, wakafa kwa maelfu kwa sababu udongo wa Njoro ulikosa madini. Akaleta ng'ombe, wakafa kwa homa ya mapafu na ndigana. Akapanda ngano, ikaliwa na kutu. Hakukata tamaa. Aliajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu mpaka ikapatikana ngano inayostahimili kutu, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga unga. Fedha za yote haya alizipata kwa kuweka rehani mali ya urithi wake Uingereza, na ilipokwisha akaendelea kwa mikopo ya benki. Ngano inayolimwa Kenya hadi leo ina deni kwa majaribio yake. Hilo tumpe.

Lakini shamba si udongo na mbegu tu. Shamba linahitaji ardhi na watu wa kulifanyia kazi. Vyote viwili vilikuwa mikononi mwa wengine.

Ardhi ilikuwa ya Wamasai. Mwaka 1904 waliondolewa katika Bonde la Ufa kwa mkataba uliowaahidi kwamba Laikipia itakuwa yao maadamu kabila lao lipo. Haikupita miaka 10. Walowezi wakaitaka Laikipia nayo, ukaandikwa mkataba mwingine mwaka 1911, Wamasai wakahamishwa na mifugo yao kwenda kusini. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi ilitupwa kwa hoja kwamba ile ilikuwa mikataba baina ya dola na dola, hivyo mahakama haina uwezo wa kuisikiliza. Ardhi yao ilipochukuliwa walihesabiwa kuwa raia wasio na ujanja, na walipodai haki wakahesabiwa kuwa dola ya kigeni! Cha ajabu ni kwamba Delamere aliwapenda Wamasai. Alikijua Kimasai, wachungaji wao walikaa naye na kuzungumza naye usiku mpaka usiku. Wapo watu wanaoweza kumpenda mtu na bado wakachukua kilicho chake, wala wasione mgongano wowote.

Watu wa kazi walikuwa Wakikuyu, Wajaluo na wengineo, ambao walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kwenda kumlimia mwingine. Mwaka 1908 Delamere aliongoza kundi la walowezi kwenda nyumbani kwa Gavana kulalamikia sheria za vibarua, wakitaka serikali iwasukume Waafrika kwenda kufanya kazi mashambani. Vurugu ile ilimfanya Gavana amsimamishe ujumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Haikuchukua muda akarudi barazani akiwa na nguvu zaidi. Kodi ikapandishwa, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kikaja kipande, ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimika kukibeba shingoni.

Hapa ndipo inapoanza habari ya kujitenga.

Mwaka 1921 Wazungu wa Kenya nzima hawakufika 10,000. Wahindi walikuwa zaidi ya 20,000, wengi wao wakiishi mijini na kwenye vituo vya reli, wakifanya biashara na ufundi. Waarabu walikuwa kama 10,000, na Waafrika ni mamilioni. Wahindi, ambao miongoni mwao walikuwamo Waislamu wengi, walidai haki ya kupiga kura katika orodha moja na Wazungu na haki ya kununua ardhi ya nyanda za juu. Serikali ya London mwaka 1922 ikaonesha dalili za kulegea.

Walowezi wakawaka moto. Hoja yao waliitengeneza kwa ustadi. Wao ni wakulima, wanaokesha na ng'ombe na kuhangaika na nzige na madeni. Wahindi ni wachuuzi wa mjini wanaokula jasho la wengine. Na London ni ofisi ya makarani wasiojua hata jembe linafananaje. Kwa nini basi mji na ofisi viwatawale watu wa shamba? Hivyo ndivyo walivyolieleza suala zima, kama vile vijana wa Kikuyu na Kijaluo waliokuwa wakishika jembe lenyewe hawakuwapo.

Mwishoni mwa mwaka 1922 na mwanzoni mwa 1923 waliunda kamati za siri. Walipanga kumteka Gavana, Sir Robert Coryndon, wakamfiche katika shamba la mbali lenye mto mzuri wa kuvulia samaki, kisha wakamate reli na simu, wawakusanye Wahindi na kuwarudisha kwao, na kutangaza serikali yao wenyewe. Na wakati wote huo walidai kuwa ni watiifu kwa Mfalme! Delamere hakuwa kamanda wa mpango ule, lakini waliopanga walikuwa watu wa kambi yake, na yeye ndiye aliyekuwa sauti yao mbele ya serikali.

Uasi haukutokea. London iliwaita wote mezani, Delamere akaenda na ujumbe wa walowezi, Wahindi nao wakapeleka wao. Julai 1923 ukatolewa waraka wa Waziri wa Makoloni, Duke wa Devonshire. Waraka ule ulisema maslahi ya Waafrika ndiyo ya kwanza na kwamba walowezi hawatapewa nchi waitawale wenyewe. Lakini wakati huohuo uliacha nyanda za juu ziwe za Wazungu peke yao, ukawapa Wahindi viti 5 katika orodha yao ya pembeni, na Waarabu wakapewa kiti kimoja. Waafrika, ambao maslahi yao ndiyo ya kwanza, waliwekewa mmisionari Mzungu awasemee. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, hakuingia katika baraza lile mpaka mwaka 1944.

Delamere alilisoma tangazo lile kama mtu mwenye akili. Aliona kwamba Kenya peke yake, yenye walowezi wachache vile, haitaweza kuivunja kamba ya London. Dawa aliyoiona ilikuwa kujitenga kwa kuungana. Yaani walowezi wa Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini waunganishwe wawe dola moja kubwa ya Wazungu, yenye uti wa mgongo wa nyanda za juu, kuanzia Nairobi kupitia Arusha, Iringa na Rungwe hadi Rhodesia. Dola kubwa namna hiyo London isingeweza kuiamrisha kwa barua. Tanganyika ndiyo iliyokuwa kiungo cha katikati, na ilikuwa imekabidhiwa Waingereza chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa baada ya Wajerumani kushindwa vita.

Mwaka 1924 London ilituma tume ya wabunge kuja kuangalia suala la kuziunganisha nchi hizi, nayo ikarudi na jibu kwamba wakati bado. Delamere hakusubiri. Aliita kikao chake mwenyewe, nje ya serikali, akachagua Tukuyu.

Kwa nini Tukuyu? Tazama ramani. Rungwe iko mahali ambapo Tanganyika inakaribiana na Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Kutoka Tukuyu unateremka hadi mto Songwe na ziwa Nyasa, na upande wa magharibi unaikuta njia ya kwenda Rhodesia. Hewa yake ni ya baridi, mlima Rungwe unakaribia mita 3,000, mvua ni ya kupindukia, udongo wa volkano ni mweusi. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuupenda, wakaujenga na kuuita Neu Langenburg. Mwezi Mei 1916, wakati wa vita, majeshi ya Waingereza yakitokea upande wa Nyasaland yaliuteka mji huo. Kwa hiyo machoni pa Delamere Tukuyu haikuwa pembezoni mwa Tanganyika. Ilikuwa kitovu cha nchi aliyoitaka.

Wakafunga safari ya magari kutoka Kenya katika njia mbovu za wakati ule, wakaja na wawakilishi wa walowezi wa nchi nyingine tatu. Wakazungumzia uhamiaji wa Wazungu, barabara na reli za kuziunganisha nchi hizo, wakazungumzia namna ya kuwashughulikia Waafrika, na haja ya kuhakikisha kwamba Tanganyika hairudishwi kwa Wajerumani. Baadaye walikutana tena Livingstone mwaka 1926 na Nairobi mwaka 1927. Lakini mlango ulifunguliwa Tukuyu.

Sasa nakuomba, msomaji, ufikirie nani alikuwa akiishi kuzunguka kikao kile. Rungwe haikuwa pori. Ilikuwa, na bado ni, miongoni mwa sehemu zenye watu wengi na kilimo cha uhakika katika nyanda za juu za kusini. Wanyakyusa walikuwa na migomba iliyozunguka kila nyumba, maharage, ng'ombe wa maziwa, na huko bondeni Kyela, ambako wakati ule kulikuwa sehemu ya wilaya ya Rungwe, walilima mpunga. Walishaanza pia kupanda kahawa. Walikuwa wakilipa kodi, na ili wapate fedha ya kodi vijana wao wengi walikuwa wakienda vibarua, wengine kwenye dhahabu ya Lupa huko Chunya, na baadaye kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia na hata Afrika Kusini.

Hawa ndio walikuwa wakulima wa Tukuyu. Kikao kilichoitwa kwa jina la kilimo, ndani ya wilaya ya wakulima, hakikumwita mkulima hata mmoja wa pale. Mnyakyusa aliyekikaribia kikao kile alikikaribia akiwa amebeba mizigo au ameshika sinia.

Na je, kama mpango ule ungefanikiwa, mtu wa Rungwe angepata nini? Hatuhitaji kubuni, maana kionjo chake kilipatikana. Katika miaka hiyohiyo ya 1920 nchi hizi ziliunganishwa kwa ushuru wa forodha wa pamoja. Walowezi wa Kenya waliomba, na wakapewa, ushuru mkubwa dhidi ya ngano, unga na siagi kutoka nje, ili bidhaa zao zisishindwe bei. Matokeo yake mnunuzi wa Tanganyika na Uganda alijikuta akinunua unga wa Kenya kwa bei kubwa kuliko ule wa ng'ambo, faida ikienda kwa mashamba ya Njoro na Nakuru. Reli nayo ilibeba mahindi ya walowezi kwa nauli ya kuwapendelea, pengo likazibwa na bidhaa nyingine, zikiwamo zile alizonunua Mwafrika. Na huko Kenya Mwafrika alizuiwa kupanda kahawa, asije akashindana na mlowezi na asije akakosa sababu ya kwenda kuwa kibarua. Kama mpaka wa Delamere ungefika Songwe, zile kahawa chache za Rungwe zingesalimika?

Kwa bahati nzuri mpango ulikwama. Gavana wa Tanganyika tangu mwaka 1925, Sir Donald Cameron, aliupinga waziwazi. Cameron alikuwa mkoloni naye, tusidanganyike, lakini alielewa kwamba Tanganyika ikiunganishwa na Kenya itatawaliwa na walowezi wa Nairobi. Tume ya Hilton Young, katika ripoti yake ya mwaka 1929, haikuwapa walowezi utawala walioutaka. Kisha mwaka 1931 Kamati ya Bunge la Uingereza ikaita mashahidi, na safari hii Waafrika waliitwa. Kutoka Tanganyika walikwenda Chifu Makwaia wa Usiha huko Shinyanga, Francis Lwamugira wa Bukoba, na Martin Kayamba wa Tanga. Kutoka Kenya alikwenda Chifu Koinange na wenzake. Watanganyika wale watatu waliieleza kamati mashaka yao juu ya kuunganishwa na Kenya, maana habari za ardhi na kipande zilikuwa zimewafikia. Kamati ikaamua kwamba muungano usiendelee.

Angalia tofauti ya vikao viwili. Tukuyu 1925 walikaa wenye mashamba makubwa peke yao wakaona jambo lao ni jema na la lazima. London 1931 walisikilizwa, angalau kwa kiasi, wale ambao jambo lenyewe lingewaangukia. Jibu likageuka.

Mwaka huohuo wa 1931, tarehe 13 Novemba, Delamere alifariki dunia akiwa na miaka 61. Mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeangusha bei za mazao, na aliacha madeni makubwa ya benki. Alizikwa Soysambu, katika ardhi iliyobaki mikononi mwa ukoo wake kwa vizazi. Walowezi walimjengea sanamu Nairobi na barabara kuu ikaitwa kwa jina lake. Uhuru ulipokuja sanamu iliondolewa ikapelekwa shambani, na barabara ikawa Kenyatta Avenue.

Ndoto yake haikufa naye. Mwaka 1953 Rhodesia mbili na Nyasaland ziliunganishwa katika shirikisho lililoendeshwa na walowezi kutoka Salisbury, na Waafrika wakapambana nalo mpaka likavunjwa mwishoni mwa mwaka 1963. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith akafanya kile ambacho watu wa Delamere walikipanga mwaka 1923: walowezi wachache wa Rhodesia wakajitangazia uhuru kutoka London, ili wasije wakatawaliwa na wengi. Na kabla ya wote hao, katika miaka ya 1860 na 1861, majimbo 11 ya kusini mwa Marekani yalijitenga yakijiita watu wa shamba wanaoonewa na miji na viwanda vya kaskazini, ilhali shamba lenyewe lililimwa na watumwa ambao hawakuulizwa kitu.

Je, nasema kila anayedai kujitenga ni Delamere? La hasha. Watu wa Nyasaland nao walidai kutoka katika shirikisho, nao walikuwa na haki. Malalamiko ya watu wa Pwani ya Kenya kuhusu ardhi yao hayawezi kutupwa kapuni kwa sababu tu mpaka ni kitu kizito. Tofauti ninayoiona mimi ni hii. Wapo wanaotaka kutoka ili wasinyonywe, na wapo wanaotaka kutoka ili waendelee kunyonya bila kuulizwa. Wote wawili hutumia lugha moja ya uonevu, ya shamba na jasho, ya wakubwa wa mjini wasiojali. Kwa kuwasikiliza tu huwezi kuwatenganisha. Inabidi uchungulie ndani ya kikao chao uone ni nani amekaa kwenye kiti na ni nani amesimama mlangoni na sinia.

Nayasema haya kwa wasomaji wa mijini hasa, kwa kuwa sisi ndio tunaolaumiwa, na lawama hiyo haikukosa ukweli. Ndizi za Tukuyu tunazila Dar es Salaam. Viazi mviringo vya Rungwe viko kwenye kila kibanda cha chipsi. Chai ya milima ile tunainywa asubuhi na jioni. Lakini fuatilia mkungu mmoja kutoka mgombani mpaka sokoni, uhesabu mikono iliyopita na kila mmoja umechukua ngapi. Angalia gunia la viazi linavyoshindiliwa lumbesa, mkulima akilipwa gunia moja ilhali ametoa gunia na nusu. Muulize mkulima mdogo wa chai ni lini alipewa nafasi ya kusema bei ya majani mabichi. Pengo la mji na shamba lipo, tena ni kubwa, na mtu akilikana anawafungulia mlango wanasiasa watakaokuja kulitumia kwa faida zao.

Na hao watakuja. Watakuja na lugha tamu ya kumtetea mkulima, wengine wakitaka mkoa wao mpya, wengine halmashauri yao, wengine hata nchi yao. Hatupaswi kuwazomea wala kuwashangilia kabla ya kuwauliza maswali machache. Ardhi itakuwa ya nani baada ya hapo? Bei itapangwa na nani? Yule mama wa Rungwe anayechuma chai kwenye mvua tangu alfajiri ameitwa kwenye kikao, au amesikia habari zake redioni kama sisi?

Watu wa Rungwe mwaka 1925 hawakuulizwa, na karibu nchi yao iuzwe mbele ya macho yao kwa jina la kilimo. Pale Tukuyu hakuna hata kibao kinachoeleza kwamba kikao kile kilifanyika. Naona kingefaa kiwekwe, si kwa kumtukuza Delamere, bali ili mtoto wa Kinyakyusa anayepita kwenda shule asome na kujua kwamba waliwahi kuja watu wakajiita wakulima, wakakaa juu ya shamba la babu yake, na babu yake hakuwemo.